Walisema Nimenenepa

Juma lililopita niliwaacha na Bi Kidawa kapiga magoti mbele ya kasha langu, sodo sita mkononi, zimekunjwa vile vile alivyozikunja mwenyewe mwezi wa Shaabani. Zilikuwa nyeupe, na hata moja haikuwa imetumika.

Kwa wale ambao gazeti hamkulipata, nitasema kwa ufupi, maana aibu hii nimeirudia mara nyingi na bado sijaizoea.

Mimi ni Mwanaheri binti Muhsin, wa Chole. Mwaka wa njaa kubwa, wakati Mdachi keshaweka boma lake kisiwani kwetu, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mdogo wangu Hafidha alikuwa na sita, kalala kitandani, miguu imevimba. Nyumba nzima ilikuwa na kata moja ya uji wa mtama, kawekewa yeye. Niliunywa mimi. Asubuhi yake Hafidha akafa.

Kijakazi, mtumwa wetu wa jikoni, ndiye aliyeambiwa kaiba uji. Baba alimpiga bakora uani mpaka mkono ukamchoka, na mimi nikitazama kwa tundu ya mlango. Kisha akatolewa jikoni akapelekwa pwani kwenye makumbi, kuyafukua topeni na kuyaponda yatoke kamba. Sikusema neno. Mama alikufa mwaka wa pili yake kwa majonzi, na yeye pia sikumwambia.

Tangu hapo chakula hakikunipita kooni kwa amani. Nilianza kwa kufunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili ya marehemu. Baba akawa ananisifu mbele ya wageni, binti yangu ana dini. Nikaongeza siku. Nilipotimia miaka kumi na saba nikawekwa ndani kungoja harusi na Hilal wa kijiji cha Kanga, kijana niliyempenda kwa sifa zake tu. Humo ndani karibu chakula changu chote cha uari kikawa kinapita dirisha la nyuma kwenda kwa Kijakazi. Yeye alidhani ni ihsani. Mimi nilikuwa namrudishia uji.

Hapo ndipo tulipofika, na Bi Kidawa, somo wangu, kungwi aliyewekwa kunilea humo ndani, akaniuliza, "Mwanaheri, mimba hii ya nani?"

Nilizitazama zile sodo mkononi mwake.

"Nakuuliza mara ya pili. Ya tatu sina."

"Sina mimba, somo."

"Basi damu yako imekwenda wapi?"

"Sijui. Imekatika tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Maulidi."

Alicheka kidogo, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Kila nikikuletea chakula cha mchana waniambia umefunga, unalipa siku zako za Ramadhani. Ramadhani nimelala nawe chumba hiki hiki. Umefunga zote, umesali zote, hukuacha hata rakaa moja. Hebu nambie mwanangu, siku gani unazolipa weye?"

Nilikuwa nimejinasa mwenyewe. Ningesema siku za nani? Siku za Hafidha?

"Vua leso," akasema.

Nilikuwa nimejifunga leso tatu na shuka juu yake, na ilikuwa adhuhuri, joto la kufa mtu. Nikamwambia naona baridi. Akasema baridi gani hiyo ya peke yako. Miezi mitatu nilikuwa nikijisinga liwa mwilini mwenyewe, nikidai naona haya kuguswa, naye akaniacha kwa kuwa aliona ni adabu. Siku ile hakuniacha. Alizivuta moja moja mpaka nikabaki na shanga za kiunoni.

Nilitazama uso wake badala ya kujitazama, na hapo ndipo nilipojua nimefikia wapi.

Mbavu zilikuwa zinahesabika. Mgongoni na mikononi nilikuwa nimeota malaika, vinyweleo laini vile vya mtoto mchanga. Shanga nilikuwa nimezikaza mara tatu na bado zilining'inia. Bi Kidawa aliniwekea kiganja tumboni, kama anavyowawekea wajawazito, akakandamiza.

"Hapa hamna mimba," alisema polepole. "Hapa hamna kitu."

Akaketi chini sakafuni. Mwanamke yule sikuwahi kumwona ameketi chini mbele ya mwari wake.

Aliniuliza nywele zangu zimekwenda wapi, nikamwonyesha mto. Nilikuwa nikizikusanya kila nikichana na kuzishindilia ndani ya pamba. Aliniuliza kwa nini mswaki wangu una damu. Aliniuliza kwa nini sijda zangu ni ndefu kuliko za watu wote.

"Mara nyingine nazimia," nikamwambia.

"Na mimi nikasema mwari wangu amezama katika ibada," akasema. "Nikawa nawahadithia watu."

Kisha akakumbuka jambo lililomuuma zaidi. "Na chakula changu? Wali wangu wa nazi, tende zangu za samli, maziwa ninayoyakimbilia alfajiri. Kinakwenda wapi?"

"Dirishani."

"Kwa nani?"

"Kwa paka."

"Kwa chakula kile, paka huyo angekuwa anachukua mzigo."

Ningemtaja Kijakazi, ngozi yake isingesalimika.

Nami leo niseme jambo ambalo sikumwambia Bi Kidawa wala mtu mwingine yeyote. Hayakuwa majuto peke yake. Kulikuwa na utamu ndani yake. Kila siku niliyolishinda tumbo nilijiona msafi kuliko wenzangu wote, na sifa za Baba zilinitosha kuwa chakula. Nilikuwa na kiburi, na kiburi changu kilikuwa ni njaa.

Na mtu asidhani nilikuwa nimekisahau chakula. Kutwa nzima nilikuwa nakiwaza. Nilimuuliza Bi Kidawa mapishi ya kila kitu, nikimhimiza aongeze iliki hapa, apunguze nazi pale, na nilipenda sana kuwatazama watu wakila. Usiku niliota nakula, nikaamka nalia kwa hofu kwamba ni kweli.

Mwanzoni nilikataa mwenyewe. Baadaye hata nilipotaka, nilishindwa. Kabla sijawekwa ndani niliwahi kufinyanga tonge moja la wali, nikasema hili nitakula. Mkono ulifika mdomoni, ukarudi. Hapo nilijua kwamba mchezo niliouanza ulikuwa umenimiliki, na sikuwa na wa kumwambia.

"Ijumaa Bi Biubwa, mama yake Hilal, anakuja kukutazama," Bi Kidawa akasema. "Leo ni Jumatatu. Bi Biubwa hatazami, anashika. Wari kumi na tisa nimewatoa mimi katika nyumba za watu, na wote wametoka wamejaa. Weye utaniulia jina langu." Machozi yakamtoka. "Na utajiua na weye mwenyewe, mwanangu."

"Usimwambie Baba."

Baba alikuwa Kanga kwenye minazi yake, na angerudi pamoja na mgeni. Bi Kidawa akapiga hesabu. Angemwambia, angetakiwa aeleze alikuwa wapi miezi mitatu yote. Akasema hatamwambia. Alikuwa na siku nne, na katika siku nne atanitengeneza.

Ndugu zangu, aliyasema hayo kwa mapenzi. Sijapata kuona mapenzi yaliyokaribia kuua hivyo.

Alianza jioni ile ile. Uji wa maziwa, samli inaelea juu. Alinishika kidevu akaninywesha bakuli zima, mpaka mwisho. Alipotoka kuosha bakuli nilitia kidole kooni nikautoa wote kwenye beseni la kunawia.

Kesho yake aliniona mkono. "Vidonda gani hivi vya kwenye vifundo vya vidole?"

"Nimejigonga ukutani."

Aliuinua mkono akaunusa. Akautazama, akalitazama na beseni. Kisha akachukua leso, akanifunga mikono yote miwili kwa nyuma, kwa upole kabisa, kama anayemfunga mtoto winda.

"Nisamehe," akasema. "Fumbua mdomo."

Jumanne nilikula mkate wa kumimina, supu ya kuku, tende, wali, na uji tena. Jumatano vivyo hivyo, ikazidi asali. Kila baada ya sala alikuja na sinia. Aliniimbia nyimbo za wari ili nimeze. Nililia na kumeza, nikameza na kulia, na kwa kila tonge nilimwona Hafidha kafumba macho.

Jumatano jioni moyo ulianza vituko. Ulikuwa unakimbia, kisha unaruka hatua, kisha unakimbia tena kama uliosahau kitu. Usingizi wa chali ukanishinda, nikilala pumzi inakatika, ikabidi niegemee ukuta.

"Somo, sipumui vizuri."

"Ni shibe hiyo. Hujaizoea."

Alhamisi aliniletea kioo. Alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Jitazame, mwari wangu. Tazama mashavu hayo. Tazama miguu. Una mwili mwepesi kujaa, alhamdulillahi. Siku tatu tu."

Nilitazama. Uso ulikuwa wa mviringo kweli. Miguu ilikuwa imejaa, vifundo havionekani, ngozi imevutika inang'aa. Nilikuwa mnene kwa jinsi walivyotaka watu wote, na nilikuwa siwezi kusimama mpaka nishike nguzo ya kitanda.

Bi Kidawa alinifungua mikono, akaibusu.

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, akafika Bi Biubwa. Alitoka Kanga kwa punda, akavuka kwa mtumbwi, na hakuonyesha uchovu wowote. Aliingia chumbani kwangu na ubani wake, akaniambia nisiinuke. Aliniminya shavu. Aliniminya mkono juu ya kiwiko. Akainama akanishika kifundo cha mguu kwa kidole gumba na cha shahada.

"Kajaa," akasema.

Bi Kidawa akapiga kigelegele, na wanawake wa uani wakakipokea.

"Niliambiwa huyu ni mtoto wa kufunga na kusali, nikaogopa nitapewa kijiti," Bi Biubwa akasema, akicheka. "Kidawa, mikono yako Mungu aibariki. Harusi isingoje mwezi wa Mfungo Nne. Naiwe Alhamisi ijayo, mwanangu kachoka kungoja."

Nje nilimsikia Baba akiitikia vigelegele kwa kushukuru Mungu. Bi Biubwa aliinuka akaenda zake chumba cha pili kupumzika. Pale alipokuwa amenishika kifundoni pakabaki vishimo viwili vya vidole vyake. Niliviangalia mpaka alipofunga pazia, na vilikuwa bado vipo.

Alasiri Kijakazi akaja dirishani.

Siku nne hakikutoka chakula, na sikutaraja kumwona. Alikuwa ametoka makumbini, tope mpaka magotini, vidole vimekunjana kwa maji. Hakuuliza habari ya chakula. Alinitazama usoni, akasogea karibu na fito za dirisha.

"Bibi, hebu lete mguu."

Niliuinua kwa mikono miwili nikauweka dirishani. Akapenyeza mkono akanibonyeza mfupa wa mbele, akauondoa. Shimo likabaki.

"Nani kakufanya hivi?"

"Somo kaninenepesha."

"Hukunenepa." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Marehemu Hafidha alikuwa hivi. Miguu kwanza, kisha uso, kisha pumzi. Mie ndiye niliyekuwa namkanda. Kakulisha nini, na siku ngapi?"

Nikamwambia. Kila nilichokitaja alikuwa anafumba macho.

"Mwaka wa njaa, gunia lilipofika, waliokula wakashiba siku ile tuliwazika wao kwanza," akasema. "Tumbo lililokaa tupu halipokei kwa wingi, bibi. Wenzangu watatu huko makumbini niliwainua kwa maji ya wali, vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni, na chembe ya chumvi. Wako hai hata leo. Nakwenda kwa bwana."

"Usiende. Atakuuliza umejuaje. Atauliza chakula changu kilikuwa kinaliwa na nani."

"Na aulize."

"Atakupiga, Kijakazi."

"Alishanipiga kwa uji nisiouonja. Safari hii angalau nimekula."

Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua. Naye akasema, "Miezi mitatu umenilisha, bibi. Katika nyumba hii hakuna aliyenikumbuka ila weye. Nikae nikutazame ukifa?" Akageuka, akazunguka nyumba kwenda mbele.

Niliurudisha mguu ndani.

Haukupita muda nikasikia sauti ya Baba ikipanda. Nikasikia na ya Bi Kidawa, "Kumbe paka mwenyewe ndiye huyu." Kisha nikasikia bakora ikitolewa kwenye msumari wake, mlio mdogo niliokuwa nimeusikia mara moja tu maishani, miaka mitano nyuma, na ambao ningeutambua hata kaburini.

Mwari havuki kizingiti kabla ya siku yake. Mimi nilivuka. Nilishika ukuta, nikaacha leso moja mlangoni na nyingine njiani, nikapumzika mara mbili katika hatua kumi na tano.

Ukumbini Baba alikuwa amesimama na bakora mkononi. Kijakazi alikuwa kapiga magoti, tope lake limechafua sakafu. Bi Kidawa alikuwa kando, kajishika kiuno. Chumba cha pili alikuwamo Bi Biubwa, pazia tu katikati, na kikohozi chake kilinijulisha kwamba hakulala.

"Shikamoo, Baba," nikasema. Sijui kwa nini nilimwamkia. Ni mazoea.

"Marahaba. Rudi ndani."

"Usimpige. Chakula nilimpa mwenyewe."

"Nimekwambia rudi ndani, kuna mgeni."

"Na uji wa Hafidha hakuiba yeye. Niliunywa mimi."

Nilikuwa nimelibeba neno lile miaka mitano. Nilidhani likitoka nyumba itaanguka. Bi Kidawa alijifunika mdomo. Kijakazi aliinua kichwa. Nilimtazama Baba, nikangoja bakora inigeukie mimi, na niwaambie ukweli, nilikuwa naitaka.

Baba aliishusha mpaka ncha ikagusa sakafu. Akatazama pazia, kisha akanitazama mimi.

"Najua," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Masikio yalikuwa yananivuma.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa mlangoni. Nilikuona na kata mdomoni."

"Mbona hukunizuia?"

"Mwenzio kila alichonyweshwa kilirudi. Tangu jana yake hakumeza hata maji." Alikuwa anasema kwa utulivu, kama anayeeleza habari za shamba, lakini bakora ilikuwa inagonga gonga sakafu. "Nilikuwa na watoto wawili na uji wa mtoto mmoja. Nikasimama pale, nikakuacha umalize."

"Na Kijakazi?"

"Mama yenu alitaka mtu wa kumlaumu. Ningempa weye?"

Wasomaji, nimeishi miaka mingi tangu siku ile na sijaweza kulitaja jina la nilichokisikia moyoni. Kwanza kilikuwa faraja, maana Hafidha alikuwa keshakwenda na mimi sikumuua. Faraja ile haikukaa hata kwa muda wa pumzi moja. Ikaja hasira, hasira kubwa kuliko mwili niliokuwa nao. Miaka mitano nilikuwa najikausha kwa jambo ambalo mtu mmoja chini ya dari lile lile alikuwa analijua lote, na neno moja lake lingenifungua.

"Baba, ulipokuwa unanisifu kwa wageni, ulikuwa unajua nafungia nini?"

Akalitazama tena pazia.

"Nilidhani ni dini," akasema. Kisha akaongeza, taratibu zaidi, "Nilitaka iwe dini."

Miguu ikanikatikia. Bi Kidawa aliwahi kunidaka kabla kichwa hakijagonga sakafu, akanilaza mapajani mwake. Katika kunishika, vidole vyake vilizama kwenye muundi wangu, ule mfupa wa mbele ya mguu. Alipoviondoa akaviona vishimo, vinne, vimejipanga. Alivitazama, akaubonyeza tena, akangoja, na shimo jipya nalo likabaki.

"Si unene," akasema. "Ya Rabi. Si unene huu."

Nyuma ya pazia Bi Biubwa aliacha kukohoa.

"Maziwa," Bi Kidawa akaanza kuita watu wa uani, "leteni maziwa upesi."

"Usimpe kitu."

Ilikuwa sauti ya Kijakazi. Hajainuka magotini, wala hakuna aliyempa ruhusa ya kusema. Bi Kidawa akatii kama mtoto.

"Ukimpa maziwa tena hafiki kesho. Huyu ni wa maji ya wali, kwa vijiko vya hesabu," Kijakazi akasema.

"Unajua kumtibu?" Baba akauliza.

"Najua. Nimeinua watatu."

"Basi mtibu." Baba aliitupa bakora, ikabingirika mpaka ukutani. "Mtibu, na kesho nakwenda bomani nikakuandikishie karatasi yako ya uhuru. Kwa Mungu mmoja nakuapia. Kidawa ni shahidi."

Kijakazi hakuitazama bakora, na ile habari ya karatasi sidhani kama ilimfikia. Alikuwa anamtazama Baba usoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Bwana," akasema, "siku ile, wakati unanipiga. Ulikuwa unajua?"

Baba angeweza kusema uongo. Nafikiri Bi Kidawa alikuwa anamwomba kwa macho aseme uongo, kwa ajili yangu.

"Nilikuwa najua," akajibu.

Kijakazi akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeelezwa njia. Kisha akanigeukia mimi. Nilitaka kumwomba msamaha. Maneno nilikuwa nayo, pumzi ndiyo sikuwa nayo. Ile iliyobaki ilikuwa inanitosha kuishi tu, nayo kwa shida.

"Na weye, bibi," akasema. "Chakula chote kile cha dirishani. Kumbe ulikuwa unalipa deni."

Aliinuka mwenyewe. Alipita mbele ya Baba, akapita mbele ya pazia, akaenda kwenye mlango mkubwa wa mbele, ule ambao mtumwa haupitii, akavuta komeo, akatoka.

"Kijakazi," Baba akaita. Ilikuwa sauti ya kuomba, na nilikuwa sijui kwamba anayo. Hakuna aliyeitika.

Mlango ulibaki wazi, na watu waliokuwa wanapita njiani walikuwa wanachungulia ndani. Baba alisimama pale pale, mikono mitupu. Bi Kidawa alikuwa amekishika kichwa changu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika kijiko alicholetewa kutoka uani, bakuli la maji ya wali liko kando yake, na midomo inamcheza. Alikuwa anajaribu kukisia ni vijiko vingapi, maana yeye hakuwapo dirishani kusikia, na mimi niliyesikia pumzi ya kumwambia sina.